Kufuli Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la ukaguzi wa lifti. Lina safu ya tarehe, safu ya kasoro na safu ya sahihi. Nimelichukua stoo kwa sababu leo nimepewa kazi ambayo sijawahi kuifanya, na mimi jambo nisilolijua lazima niliandike, la sivyo litanizunguka kichwani wiki nzima.

Afisa utumishi wetu amejifungua salama, mtoto wa kiume. Hongera yake. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akienda kwenye maonyesho ya ajira vyuoni, anasimama nyuma ya meza na kuwashawishi wanafunzi waje kujifunza kazi kwetu. Sasa mkurugenzi kaniita ofisini.

"Utakwenda wewe, Fundi. Unaongea vizuri."

"Naongea sana, bosi. Vizuri ni habari nyingine."

Hakucheka. Akaniambia kinagaubaga: darasa la mafunzo linataka wanafunzi sita waliotia sahihi ifikapo Ijumaa, tarehe mbili Mei. Wasipotimia sita, analifunga. Karakana ya mafunzo itakuwa stoo ya vipuri, na mafundi tutawakodi kutoka nje, kwa wale jamaa wanaojiita wakandarasi wa haraka.

Karakana hiyo ndiyo iliyonitengeneza. Nilikanyaga pale miaka kumi na tisa iliyopita nikiwa siwezi kutofautisha bisibisi na patasi. Mzee Kamba akanifundisha. Tunamwita hivyo kwa sababu akipitisha kidole kwenye kamba ya chuma ya lifti anajua imebakiza miezi mingapi. Anastaafu msimu huu. Nilipomweleza maneno ya mkurugenzi, aliendelea kufuta meza yake ambayo ilishakuwa safi.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ni fundi cherehani, basi kanishonea koti la buluu lenye nembo ya kampuni kifuani. Mkono wa kushoto umezidi kidogo. Nimemwambia. Kasema mkono wangu ndio mfupi. Tumenuniana mpaka chai ya jioni.

Jumatano, 12 Machi

Maonyesho ya kwanza. Mvua tangu alfajiri, viatu chapachapa.

Ukumbi mkubwa, meza zimepangwa safu mbili. Mimi nimewekwa karibu na mlango wa choo. Kulia kwangu benki. Vijana watatu wa benki, tai zimenyooka, wanagawa miavuli! Siku ya mvua, miavuli ya bure! Wanafunzi walijaa pale kama wanapokea matokeo ya mtihani. Mimi mezani nina vipeperushi na kalamu zilizoandikwa jina la kampuni, na kati ya kalamu tano, tatu haziandiki.

Wa kwanza kunijia alikuwa kijana mrefu. "Shikamoo mama. Ninyi mnatoa miavuli?"

"Marahaba. Hatutoi. Tunatoa kazi."

"Aa," akasema, akaenda zake.

Waliouliza choo kiko wapi, kumi na wanne. Waliouliza miavuli, tisa. Waliotia sahihi, hakuna. Nilirudi nyumbani nimevimba miguu na roho pia. Nimeona aibu, nasema kweli. Si aibu ya kazi yangu. Aibu ya kushindwa kuieleza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezijaribu kalamu zote moja moja. Zisizoandika zimeingia kwenye pipa.

Jumatano, 19 Machi

Maonyesho ya pili, mvua ileile. Safari hii vipeperushi nimeviacha ndani ya boksi. Nilibeba kipande cha kamba ya chuma iliyochakaa, swichi kuu ya zamani iliyofungwa kwenye ubao, na kufuli langu.

Nieleze habari ya kufuli, maana hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwetu kila fundi hupewa kufuli siku ya kwanza, lenye namba yake. Langu ni kumi na saba. Kabla hujaingia kwenye shimo la lifti, unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unautia mfukoni. Mkiwa wengi, kuna bamba la chuma lenye matundu sita, kila mtu anatundika lake. Lifti haiwaki mpaka kila mmoja atoe kufuli lake kwa mkono wake mwenyewe. La mwenzako huligusi. Hata kama amesahau, hata kama unamwona kwa macho yako amekaa pale anakunywa soda, unamwita aje afungue. Mzee Kamba anasema katika miaka yake yote hakuna kufuli lililokatwa karakanani kwake, na hakuna maiti iliyotoka shimoni.

Basi nikawa namwita mwanafunzi, nampa kufuli, namwambia afunge, kisha namwambia mwenzake ajaribu kuwasha. Anavuta, wapi. Anacheka. Namwambia: "Sasa fikiria wewe ndiye uliye shimoni, na huyu ndiye bosi mwenye haraka." Kicheko kinaisha, wananisikiliza.

Msichana mmoja katia sahihi. Mmoja! Nimemnunulia Mzee Kamba maandazi mawili kusherehekea.

Alhamisi, 27 Machi

Maonyesho ya tatu. Benki tena ubavuni. Mmoja wao kaniomba nimwonyeshe kufuli, kisha kauliza kwa sauti ndogo kama tunachukua watu waliopita miaka thelathini. Sahihi moja, kijana aliyekuwa akitengeneza redio kwao. Jumla wawili.

Jumatano, 2 Aprili

Mafua. Nimelala.

Jumanne, 8 Aprili

Nina hasira na nina fahari, vyote pamoja.

Maonyesho ya nne, chuo cha mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi. Ukumbi uko ghorofa ya nne. Afisa ajira wa chuo, mwanamke mwembamba anayekwenda na kalamu sikioni kila saa, ambaye kichwani mwangu nilimbatiza Bi Kalamu, alinipokea kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Lifti? Tunazo wenyewe," akasema. "Meza yako ile pale nyuma."

Nikapanga vitu vyangu. Akaja msichana mwenye miwani mizito, akauliza maswali mfululizo. Kamba zikikatika? Zipo ngapi? Umeme ukikatika? Mwanamke anapewa kazi zilezile? Nilijibu yote. Nikamsogezea fomu. Akaitazama, akairudisha taratibu.

"Mama yangu hatakubali. Anasema hakunisomesha niingie mashimoni."

"Na wewe?"

"Mimi nataka," akasema, akaondoka bila kutia sahihi. Nikamwita Miwani tangu hapo.

Karibu saa tano nikaisikia lifti yao. Mtu wa kawaida hasikii kitu. Mimi nilisikia inaondoka kabla mlango haujafunga. Nikajiambia labda masikio yangu yamechoka na kelele za ukumbi. Ikapita tena, sauti ileile. Nikaiacha meza, nikashuka ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa chini kabisa. Nikaushika mlango kwa vidole viwili, nikavuta. Ukafunguka. Mbele yangu giza, shimo la ghorofa tatu, na nyuma yangu wanafunzi wanapita wakisukumana na kucheka.

Nikaurudisha mlango na kuugandamizia mgongo. Hapo nikamwona Miwani. Nikamwambia asimame mahali pangu, asimruhusu mtu hata kama ni baba yake mzazi. Akasimama, mikono ameipanua.

Nikamtafuta fundi wa chuo, yule anayeshughulikia kila kitu, mabomba, taa, vitasa. Akanifungulia chumba cha mashine huko juu. Nikafungua sanduku la umeme, nikakiona chanzo. Kila mlango wa lifti una kiungo kinachokata umeme mlango ukiwa wazi. Kuna mtu alikuwa amekiruka kwa kuunganisha kipande cha waya, urefu wa kidole, ili lifti iende tu, mlango ufunge usifunge.

"Walikuja jana wale wakandarasi wa haraka," fundi wa chuo akasema, jasho likimtoka. "Ilikuwa haitembei. Wakasema leo kuna wageni, lazima itembee."

Ndio walewale. Walewale ambao mkurugenzi wangu anataka kuwakodi.

Nikahakikisha lifti haina mtu ndani, nikazima swichi kuu, nikatundika namba kumi na saba. Chwa! Sijawahi kuipenda sauti ile kama leo.

Bi Kalamu akanijia kwenye ngazi, kalamu mkononi sasa. "Mama, umefanya nini? Mgeni rasmi amefika, ana matatizo ya magoti! Mkuu wa chuo yuko naye pale chini!"

"Pole yao. Mtafutieni kiti, azungumze na watu hukohuko chini."

"Fungua mara moja!"

"Sifungui, dada yangu. Nenda ghorofa ya tatu umuulize yule binti anazuia nini."

Akampigia mkurugenzi wangu. Simu ikaletwa sikioni mwangu.

"Fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo mbaya zaidi. "Nilikutuma ukaajiri, sikukutuma ukafunge majengo ya watu. Fungua."

"Bosi, kufuli ni langu."

"Nimesema fungua!"

"Sifungui." Nilisema hivyo, mbele ya mkuu wa chuo aliyekuwa amepanda anahema, mbele ya wanafunzi sijui hamsini. Miaka kumi na tisa sijawahi kumkatalia mkurugenzi kitu.

Akasema maonyesho kwangu yameisha, nirudi. Nikakusanya kamba yangu na ubao wangu. Sahihi za leo, hakuna. Na hayo ndiyo yalikuwa maonyesho ya mwisho kabla ya tarehe mbili. Nilishuka ngazi zote nne kwa miguu yangu, kichwa juu, na ndani ya basi nikalia.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi navaa koti, nakuta ufunguo mfukoni. Ole wangu!

Kanuni iko wazi. Huondoki na ufunguo ukaiacha lifti ya watu hivihivi. Unasubiri mwenye dhamana afunge lake, ndipo unatoa lako. Mimi kwa hasira nimepanda basi nikaenda zangu. Fundi wa chuo amepiga simu: vipuri vimepatikana, fundi mwingine yupo, lakini hawawezi kuwasha wala kupima. Mkurugenzi kawaambia wakate kufuli.

Mzee Kamba akanisikiliza hadi mwisho. "Kufunga umefunga vizuri," akasema. "Kuondoka umeondoka vibaya. Waambie wasikate. Nenda ukafungue kwa mkono wako."

Nimewapigia. Fundi wa chuo kaniambia, "Hatukati, mama. Msumeno wenyewe nimeuficha."

Nimeomba ruhusa ya kesho. Mkurugenzi hakuinua uso. Kasema hiyo siku nitakatwa kwenye likizo yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Daraja limefunikwa na maji, basi likakataa kwenda. Nikavuka kwa daraja la miguu la juu, nikatembea saa nzima na koti la mume wangu kichwani. Nimefika kama kuku aliyenyeshewa.

Ngazini wanafunzi wamejaa. Siku tatu wanapanda na kushuka ghorofa nne, nikajua leo nitatukanwa. Nikaanza kupanda nikitazama chini. Mtu akasema, "Ndiye huyu." Nikangoja matusi. Wakanipisha njia. Kijana mmoja akaniomba anibebee mkoba.

Niliangalia kila mlango uliofungwa vipuri vipya. Nikaupima kwa vidole viwili, kisha kwa mikono miwili, kisha kwa bega. Haukusogea. Fundi mwenzangu akatundika kufuli lake, ndipo nikatoa langu. Kile kipande cha waya walinipa. Nikasimama pale ghorofa ya tatu nikawaonyesha wanafunzi, kitu kidogo hivi, na kilikotolewa. Nikawaambia pia kosa langu la kuondoka na ufunguo, maana nisingeweza kuwafundisha nusu.

Bi Kalamu alikuwa nyuma kabisa. Kalamu kaitoa sikioni. "Fomu unazo?" akaniuliza.

"Ninazo, ila zimelowa."

"Nitazianika." Akazichukua akazitandaza juu ya printa yake ofisini, moja moja, akawaita wanafunzi kwa sauti ileile aliyonifokea nayo juzi. Nilimdhania mtu wa kujali wageni tu. Nilimkosea.

Watatu wametia sahihi. Jumla watano. Miwani alisimama mlangoni akatazama hadi mwisho, akaondoka.

Jumanne, 15 Aprili

Imefika barua ya malalamiko kutoka kwa mkuu wa chuo. Mkurugenzi kaibandika ubaoni mbele ya macho yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Watano. Nimehesabu fomu tena kana kwamba zinaweza kuzaana kwenye droo. Vijana wa stoo wamekuja karakanani kupima ukuta wa kuwekea rafu. Mzee Kamba kawakaribisha chai.

Jumatano, 30 Aprili

Watano. Mume wangu kaufupisha mkono wa koti bila kuniambia. Kumbe kweli ulikuwa umezidi.

Ijumaa, 2 Mei

Mwisho wa kazi leo ni saa kumi na moja. Saa tisa nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi, fomu tano mezani. Nikamwambia achukue hawa watano, mmoja tutamtafuta. Akasema sita ni sita. Akasema hana chuki nami, ila hesabu ni hesabu. Nikamjibu kwamba barua ya malalamiko aliisoma, ila kipande cha waya hakukiangalia. Nikakitoa mfukoni nikakiweka juu ya fomu. Akakiokota, akakigeuza vidoleni.

Mlango ukagongwa. Mlinzi anasema kuna watu wawili wanamtaka "mama wa kufuli". Nikageuka. Miwani, kashika mwavuli wa benki! Na nyuma yake mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, viatu vyake kavivua, kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Wametoka kwao kabla ya mapambazuko.

"Huyu ndiye aliyefunga lifti?" mama akamuuliza binti yake, kama sipo.

"Ndiye, mama."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka nembo ya koti. Hakukaa alipokaribishwa. "Mimi sina maneno mengi," akasema. "Huyu ndiye mtoto niliye naye. Nina swali moja. Akiwa ndani ya hilo shimo lenu, nani anaweza kuwasha hiyo mashine?"

"Hakuna, mama yangu," nikasema. "Ni yeye peke yake, kwa ufunguo wake."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Hata bosi wenu?"

Bosi wetu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimtazama, sikumung'unya maneno. "Hata mkurugenzi."

Mkurugenzi akakohoa. Nilingoja anikanushe. Akavuta kiti, akamsogezea yule mama, safari hii mama akakaa. Kisha mkurugenzi akachukua kalamu yake mwenyewe, inayoandika, akampa Miwani.

Nimekimbia karakanani mbio kama mtoto. "Sita!" nikapiga kelele. "Mzee wangu, sita!" Mzee Kamba akafungua kabati, akalitoa lile bamba la matundu sita, akaanza kulifuta kutu. Akaniambia ana vumbi machoni. Karakana ile haina vumbi.

Jumatatu, 12 Mei

Jua, hatimaye.

Siku yao ya kwanza, na wiki ya mwisho ya Mzee Kamba. Amewagawia makufuli mapya kwa mkono wake, kila mmoja namba yake. Miwani kapata arobaini na tatu. Wakazima swichi ya lifti ya mafunzo, wakatundika yote sita. Bamba limejaa, jambo ambalo sijaliona tangu mwaka niliofika mimi. Wakaingia shimoni, yeye akiwaelekeza toka mlangoni, wakapitisha vidole kwenye kamba, wakatoka na mikono myeusi wakijichekea.

Mkurugenzi akashuka kuja kuona lifti ikiwashwa. Alikuwa na kikao, saa anaiangalia mara kwa mara. Wakatoa makufuli. Moja, mawili, mpaka matano. La sita likabaki, namba arobaini na tatu. Miwani hayupo.

"Ameenda kunawa," mmoja akasema.

Tukangoja. Mkurugenzi akasogea, akanyoosha mkono akalishika lile kufuli. Sijui alitaka nini, labda kusoma namba tu. Lakini kijana wa redio, ambaye ana saa nne tu kwenye kampuni hii, akasema kwa adabu, "Samahani bosi, hilo si lako."

Mkurugenzi akaliachia kufuli. Akaunganisha mikono yake nyuma, akarudi hatua moja, akasimama kwenye mstari nasi. Saa hakuiangalia tena. Tukakaa hivyo dakika karibu kumi, mkurugenzi, Mzee Kamba, mimi na vijana watano, tunamngoja msichana anawe mikono.

Akaingia anajifuta kwenye suruali, akatuona tumejipanga. "Jamani, mlikuwa mnanisubiri mimi?"

"Wewe," mkurugenzi akasema. "Fungua, mwanangu, tuone."

Akafungua. Lifti ikawaka. Nimeikagua mwenyewe, mlango kwa mlango. Safu ya kasoro nimeandika: hakuna. Safu ya sahihi nimewaambia watie wao, na zote sita zimetosha.